Bushi za springi za Land Rover Series III zimechanika baada ya miezi minne: tatizo ni spea au ufungaji?

Muulizaji, Morogoro

Shikamooni wakubwa, na ndugu zangu wa rika langu, habari za kazi. Nina Land Rover Series III la mwaka 1978, lile fupi la inchi 88, lenye injini ya petroli ya lita 2.25. Gari hili aliniachia marehemu baba yangu, na kwa sababu hiyo sitaki kulitengeneza kwa kubahatisha.

Miezi minne iliyopita nilinunua seti nzima ya bushi za springi (vile vipande vya mpira na chuma vinavyopitiwa na bolti za springi), yaani bushi 12: nane za kwenye macho ya springi, yale matundu ya ncha zake, na nne za kwenye chasisi. Nilipeleka gari katika gereji moja hapa mjini, wakafunga bushi 10 kwa siku mbili na kunirudishia mbili zilizobaki, wakisema kwamba bushi za chasisi za nyuma zimeganda kwa kutu na haziwezi kutoka. Gari lilipotoka pale lilikuwa limesimama juu kuliko nilivyolizoea na lilikuwa gumu barabarani, jambo ambalo nililichukulia kuwa ni upya wa mpira. Baada ya wiki chache ugumu ule ukapungua, lakini ukafuatwa na sauti ya kugonga kila gurudumu la mbele kushoto linapoingia shimoni, na sasa nikikanyaga breki gari linavuta upande huo huo.

Jumamosi iliyopita nilifungua shakeli ya mbele kushoto, yaani vibao viwili vinavyounganisha ncha ya springi na chasisi. Mpira wa bushi ya kwenye jicho la springi umechanika mzunguko mzima kandokando ya bomba la ndani, kiasi kwamba ninalizungusha bomba hilo kwa kidole kimoja. Mpira wenyewe bado ni mweusi na laini, haujakauka wala haujalowa mafuta. Ninaomba kufahamishwa mambo matatu: kwanza, kama niliuziwa spea dhaifu, pili, kama ni afadhali nihamie kwenye bushi za poliyurethani (aina ya plastiki ngumu inayonyumbuka), na tatu, namna ya kuzitoa zile mbili za nyuma bila kuiharibu chasisi.

Fundi mstaafu, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Umefanya vizuri kueleza hali ya gari siku lilipotoka gereji, kwa sababu maneno yako mawili, kwamba lilisimama juu na lilikuwa gumu, yananieleza zaidi kuliko bushi yenyewe iliyochanika. Kabla hujamlaumu aliyekuuzia spea, nina shaka kubwa kwamba bolti zako zilikazwa gari likiwa limenyanyuliwa, magurudumu yakining'inia.

Nieleze kwa nini jambo hilo linaua bushi. Bushi ya asili ya gari hili ni mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya lingine, na katikati yake kuna mpira ulioshikana na mabomba yote mawili. Bomba la nje linakaa kwa kubanwa ndani ya jicho la springi au ndani ya chasisi, wala halitakiwi kuzunguka. Bomba la ndani ni refu kidogo kuliko la nje, na linapobanwa na vibao viwili vya shakeli nalo halitakiwi kuzunguka. Kwa hiyo springi inapopanda na kushuka hakuna chuma kinachosuguana na chuma, bali ni mpira peke yake unaojikunja kwenda upande mmoja na kurudi. Ndiyo maana bushi hizi hazitiwi grisi.

Sasa chukua kitambaa kilicholowa, ukikamue robo mzunguko, halafu ukiwa bado umekishika hivyo ujaribu kukikamua tena kuelekea upande ule ule. Utaona kwamba hakina tena nafasi ya kwenda. Gari likining'inia, springi hujikunja zaidi na shakeli husimama katika pembe ambayo haitumiki barabarani. Ukikaza bolti katika hali hiyo, mpira unaiona pembe ile kuwa ndiyo mapumziko yake. Ukishusha jeki, uzito wa gari unaukamua mpira hata kabla hujawasha injini, na kila shimo unalokutana nalo linaukamua zaidi. Miezi ya mwanzo mpira unasaidia kulibeba gari, ndiyo sababu lilisimama juu na likawa gumu, na mwisho wake unachanika kandokando ya bomba la ndani, pale pale ulipokuta wewe. Mpira hafifu huwa na sura nyingine: huota nyufa ndogo usoni, hukauka, au huvimba kwa mafuta. Wako haukuwa hivyo.

Hakikisha mwenyewe kwa kutumia shakeli ambayo hujaifungua, kwa mfano ya mbele kulia. Gari liwe sakafuni, limekanyaga kwa magurudumu yote manne, breki ya mkono imevutwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe. Pima kwa futi kutoka ukingo wa bodi juu ya gurudumu hadi katikati ya kitovu cha gurudumu, uandike. Kisha legeza nati za kufungia na bolti zote mbili za shakeli hiyo, na bolti ya upande wa pili wa springi, bila kuzichomoa. Usiweke vidole kati ya vibao na chasisi, kwa sababu shakeli inaweza kuhama ghafla. Tikisa kona hiyo ya gari mara tatu nne kwa kuikandamiza bampa, halafu pima tena. Kama kipimo kimepungua, jibu umelipata.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu wa Morogoro, mimi ninachangia upande wa poliyurethani pekee, kwa kuwa nimezitumia miaka sita kwenye Series IIA yangu ambayo hupita sana barabara za vumbi za kuelekea Kinango. Wapo wanaozisifu kupita kiasi na wapo wanaozikataa kabisa, na nadhani pande zote mbili hazielezi kwamba bushi hiyo inafanya kazi kwa namna tofauti kabisa na ile ya mpira.

Poliyurethani haikushikamanishwa na bomba la ndani. Bomba linazunguka ndani yake, na kwa hiyo kosa analolieleza mzee wa Tanga haliiumizi sana, maana hakuna kinachokamuliwa. Uingizaji wake pia ni mwepesi: nyingi huja zikiwa nusu mbili unazozisukuma kwa mkono au kwa jiliwa, kisha unapitisha bomba katikati. Lakini kwa sababu kuna kuzunguka, kuna msuguano, na panapo msuguano grisi inahitajika. Grisi hiyo ni ile inayokuja na bushi zenyewe, kwa kawaida yenye asili ya silikoni, wala si ile ya kawaida ya beringi. Nilipofunga mara ya kwanza sikuwa na subira ya kuipaka ipasavyo, na baada ya msimu mmoja wa kiangazi vumbi liliingia, gari likawa linalia kama kitanda cha kamba kila nilipopita tuta. Ilinibidi kuzitoa zote nane za kwenye springi, kuziosha kwa maji na sabuni, na kuzipaka upya.

Jambo la pili ni kwamba mpira humeza mitetemo midogo ya barabara, ile ambayo macho hayaioni ila mikono inaihisi kwenye usukani. Poliyurethani huimeza kidogo tu. Katika gari la springi za majani ambalo tayari ni gumu, tofauti hiyo utaihisi. Kama gari lako hubeba mizigo mizito shambani na kuvuka matope, poliyurethani zina nafasi yake. Kama unalitumia kwa safari za familia, na unataka liende kama alivyoliendesha baba yako, mimi ningekushauri ubaki na mpira. Nami seti yangu ikichoka nitarudi huko.

Na usidhani kwamba ukinunua poliyurethani utaikwepa kazi ya chasisi. Lile bomba la nje la bushi ya zamani lazima litoke kwa vyovyote vile.

Muulizaji, Morogoro

Ninawashukuru nyote wawili. Leo asubuhi nimefanya kipimo cha mzee wa Tanga kwenye kona ya mbele kulia. Nilipokuwa nalegeza bolti ya juu ya shakeli, nusu mzunguko haukutimia nikasikia chuma kikilia mara moja kwa nguvu, na kibao cha shakeli kikasogea mbele ya macho yangu bila mimi kukigusa. Baada ya kuitikisa bampa, kipimo kilikuwa kimepungua kwa milimita 18. Nimekaa chini kando ya gari kwa muda, kwa sababu nimekumbuka kwamba siku ile nilipoenda kulichukua niliwakuta wanamalizia kukaza huku gari likiwa juu ya stendi, na mimi nilisimama pale pale nikitazama.

Nimeamua kununua tena bushi za mpira. Naomba sasa mzee unielekeze kuhusu zile za chasisi, kwa kuwa za nyuma nimezipiga nyundo na hazikutikisika hata kidogo.

Fundi mstaafu, Tanga

Acha kupiga nyundo, mwanangu. Bushi ya chasisi iliyokaa miaka mingi imeshikana na chuma cha chasisi kwa kutu, na ukiipiga unapanua kingo za bomba lake la nje na kulifanya libane zaidi. Njia yenye uhakika ni kuiua bushi vipande vipande kuanzia ndani.

Anza na bolti. Mara nyingi bolti nayo imeganda ndani ya bomba la ndani, na ukilazimisha spana utakuta unazungusha bolti pamoja na bomba, huku mpira ukijikunja na kurudi. Ikiwa hivyo, usipoteze siku. Kata bolti kwa grenda au msumeno wa chuma katika upenyo kati ya kibao cha shakeli na bushi, pande zote mbili, na ununue bolti mpya. Kumbuka kwamba gari hili lina nyuzi za inchi, na bolti ya milimita inayoonekana kulingana nayo itakula nyuzi za kibao.

Kisha toa mpira. Wengi huuchoma kwa gesi, na ni kweli unatoka upesi, lakini moshi wake ni mbaya kwa mapafu na gari lako ni la petroli, tangi likiwa chini ya kiti. Watu wa magari marefu ya inchi 109 aina ya stesheni wagoni wawe waangalifu zaidi, maana tangi lao liko nyuma kabisa, karibu na bushi hizi hizi. Mimi hutoboa mpira kwa drili, matundu mengi yakizunguka bomba la ndani, mpaka bomba hilo linachomoka kwa koleo, kisha naukwangua mpira uliobaki kwa kisu.

Hapo utabaki na bomba la nje peke yake, na hii ndiyo sehemu inayotaka utulivu. Fungua ubao wa msumeno wa chuma, upitishe ndani ya tundu, uufunge tena kwenye fremu yake, meno yakitazama nje, na ukate bomba kwa urefu wake wote. Kata polepole, kwa mikwaruzo mirefu iliyonyooka, na usikilize. Msumeno ukiwa bado kwenye bomba, sauti huwa nyembamba na unga unaotoka hung'aa kama chuma kipya. Ukifika kwenye kutu iliyoko kati ya bomba na chasisi, unga hubadilika na kuwa wa kahawia, na msumeno huwa kama umeingia kwenye kitu laini. Simama hapo hapo. Kata mstari wa pili umbali wa upana wa kidole kutoka ule wa kwanza, halafu ingiza tindo nyembamba chini ya kile kipande kati ya mistari miwili, ukikunje kuelekea katikati. Kikishatoka, bomba lote linapoteza mbano wake na utaligonga litoke kwa nyundo nyepesi.

Safisha tundu kwa msasa hadi uone chuma, lakini usilipanue. Tazama kama chuma cha chasisi chenyewe bado kina afya: gusa pande zote kwa ncha ya tindo, na kama inazama, muite mchomeleaji kabla ya kuendelea, kwa maana bushi mpya ndani ya chasisi iliyooza haitashika kitu. Paka safu nyembamba ya grisi kwenye bomba la nje la bushi mpya, bila kuugusa mpira, na ukiweza ilaze bushi kwenye friza usiku kucha ili chuma chake kisinyae kidogo.

Kuiingiza, tumia stadi ndefu yenye nyuzi (bolti isiyo na kichwa), washa nene na nati mbili. Upande wa kuingilia weka kipande cha bomba kinachogusa ukingo wa bomba la nje tu. Upande wa pili weka bomba pana zaidi linaloegemea chasisi, ili bushi ipate nafasi ya kutokezea. Ukikaza nati, bushi inavutwa ndani taratibu na kwa unyoofu. Angalizo langu kubwa ni kwamba usiisukume kwa bomba la ndani, wala usiligonge, hata mara moja. Ukilisukuma la ndani, nguvu yote inapita kwenye mpira, na utakuwa umeuchana kabla gari halijatoka uani.

Mwisho, ufungaji wa shakeli. Kibao kimoja kati ya vile viwili kina nyuzi. Bolti inakazwa kwanza ndani ya nyuzi za kibao hicho mpaka vibao vibane bomba la ndani, na baada ya hapo ndipo nati ya kufungia inakazwa nyuma yake. Nimeona mafundi wengi wakikaza nati peke yake. Nati inakuwa ngumu na wanaridhika, kumbe vibao havijabana chochote na bomba linazunguka juu ya bolti, likiila. Wakati wa kufunga, zikamate bolti zote kwa mkono tu hadi zikaribie kubana, shusha gari, lisukume mbele na nyuma urefu wa mita mbili tatu, keti ndani na umwombe mwenzako naye aketi, litikise pande zote nne, kisha lala chini na ukaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Gari hili liko juu vya kutosha, huhitaji jeki kuzifikia bolti hizo.

Mchangiaji, Arusha

Naongeza machache tu. Ukifungua springi, usizichanganye za upande wa dereva na za upande wa abiria, kwa sababu kiwandani hazikutengenezwa sawa: ya upande wa dereva ina mzigo mkubwa zaidi na imekunjwa zaidi. Ziandike kwa rangi kabla hazijatoka. Pia yubolti, yaani bolti zenye umbo la U, zinazoshika ekseli kwenye springi zikazwe upya baada ya kilomita mia kadhaa, maana majani ya springi hujipanga upya. Katika gari la aina hii hakuna kitu kingine kinachoishikilia ekseli mahali pake isipokuwa springi na bushi zake, na ndiyo sababu breki yako ilikuwa inavuta: bushi iliyochanika iliiruhusu ekseli irudi nyuma upande mmoja.

Mwezi wa Oktoba 2024, Land Rover nyingi zilipokusanyika hapa Arusha kwa tamasha lao, nilitumia muda mwingi nikichungulia chini ya magari ya wenzangu. Nilikuta mengine yamefungwa bushi zilizokatwa kwenye tairi kuukuu. Ninaelewa shida inayomfikisha mtu huko akiwa porini, lakini kipande cha tairi hakina bomba la ndani, na kwa hiyo bolti inazunguka ndani ya jicho la springi na kulifanya liwe umbo la yai. Ikikulazimu, iwe ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Muulizaji, Morogoro

Nimerudi kutoa taarifa. Kazi imenichukua Jumamosi tatu, na mbili kati ya hizo ziliishia kwenye chasisi ya nyuma. Bushi ya kulia ilitoka kama mzee alivyoeleza, na yale mabadiliko ya unga kutoka kung'aa hadi kahawia niliyaona waziwazi kwenye kiganja changu. Ya kushoto nilikata ndani zaidi kidogo kuliko ilivyotakiwa, nikaacha mkwaruzo kwenye chasisi wa kina kisichozidi unene wa ukucha. Mchomeleaji ameutazama na kusema hauhitaji kujazwa, nami nimeupaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuingiza bushi.

Nilikaza bolti zote gari likiwa sakafuni, mdogo wangu ameketi kiti cha dereva na magunia mawili ya mahindi nyuma, kwa kuwa huo ndio mzigo wa kila siku. Nilipoilinganisha kazi hii na kitabu cha gari cha baba, ambamo alikuwa akiandika kila kilichofanyika kwa kalamu ya risasi, niligundua kwamba mwaka 1991 alibadilisha bushi hizi hizi na pembeni ameandika maneno matatu: "kaza ikiwa chini". Kitabu hicho kilikuwa ndani ya kabati muda wote.

Nimeshatembea kilomita 600, zikiwemo safari mbili za kushuka kutoka Mgeta ambako breki hupimwa kwelikweli, na gari linasimama likiwa limenyooka. Yubolti nimezikaza upya jana; za mbele zilikubali karibu robo mzunguko, za nyuma kidogo tu. Kila kichwa cha bolti ya shakeli nimekichora mstari mweupe wa rangi unaoendelea juu ya kibao, ili nikichungulia chini nione mara moja kama kuna iliyozunguka. Hadi leo asubuhi mistari yote imekaa sawa.